Jina la Mkarafuu

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu wa Baiolojia katika shule moja ya sekondari kisiwani Pemba. Nilikuwa bado kijana, nina miaka miwili tu kazini, na kama walimu wengi wa umri ule niliamini kwamba heshima ya mwalimu imo katika kutojikwaa mbele ya wanafunzi wake. Katika jaribio la mwisho wa muhula niliweka swali moja jepesi, makusudi, ili hata walio dhaifu wapate pa kushika: taja jina la kisayansi la mkarafuu. Darasa zima lilikuwa limezaliwa chini ya mikarafuu. Wengine walikuja shuleni asubuhi vidole vikiwa bado vinanukia karafuu walizochambua usiku uliotangulia.

Jibu nililolitaka lilikuwa Eugenia caryophyllata. Ndivyo kilivyosema kitabu chetu cha darasani, na ndivyo nilivyofundishwa mimi nilipokuwa mwanafunzi. Karibu wote waliandika hivyo, au waliandika kitu cha kufanana nacho. Msichana mmoja peke yake, mtoto mkimya aliyekaa safu ya dirishani, aliandika Syzygium aromaticum. Nilipiga mkasi mwekundu, nikamnyima alama zake mbili, nikaendelea na karatasi iliyofuata.

Siku ya kurudisha karatasi alikuja mbele ya darasa, ameishika yake kwa mikono miwili.

"Samahani, Mwalimu. Jina hili nimeliona limeandikwa."

"Umeliona wapi?"

"Kwenye chupa ya mafuta ya karafuu, ya kutia jinoni. Mjomba kaileta kutoka Mombasa."

Nikamjibu kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Hapa tunasoma kitabu, mwanangu. Hatusomi chupa."

Darasa likacheka. Yeye akarudi kitini pake, akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia ndani ya daftari. Muhula uliofuata sikumbuki kumwona akinyoosha mkono hata mara moja.

Msomaji ataona kuwa haya ni mambo madogo. Alama mbili katika jaribio la shule si kitu cha kuandikia insha. Lakini mimi nimeishi nayo, na kila nilipojaribu kuyasahau, mkarafuu wenyewe ulinikumbusha, kwa kuwa katika kisiwa chetu huwezi kwenda popote usiuone.

Mwaka 1987 nilipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya muda mfupi ya walimu wa sayansi. Siku moja tulipelekwa kutazama mahali panapohifadhiwa mimea iliyokaushwa. Mle ndani mna makabati marefu, na ndani ya makabati mna karatasi nene, na juu ya kila karatasi pameshonwa au kugandishwa tawi la mmea, na pembeni yake kipande cha maandishi kinachoeleza ulichumwa wapi, lini na nani. Mtunzaji akatuambia kila mtu aombe mmea wa kwao. Wenzangu wa bara wakaomba mvule, mninga, mkongo. Mimi nikaomba mkarafuu.

Nilipoletewa ile karatasi nilisimama kimya. Tawi lilikuwa moja, lakini vibandiko vya majina vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha zamani, kimepauka, kina jina la Eugenia. Cha pili kilikuwa cha Eugenia vilevile, ila neno lililofuata lilikuwa limebadilika. Cha tatu, cheupe kuliko vyote, kilisema Syzygium aromaticum. Nikamuuliza mtunzaji kwa nini wasiving'oe vile vya zamani ambavyo si sahihi tena. Akanijibu kwamba katika kazi yao kibandiko cha zamani hakiondolewi kamwe. Anayekuja na jina jipya hubandika lake kando, hutia sahihi na tarehe, na la mwenzake huliacha mahali pake, ili anayekuja baadaye aone njia yote ilikopita.

Nilirudi bwenini usiku ule nikiwa sina hamu ya chakula. Yule mtoto alikuwa amesema kweli. Tangu siku ile nikaanza kuitafuta habari ya jina hili, kidogo kidogo, katika kila maktaba niliyojaaliwa kuingia. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza inafaa tuelewe jina la kisayansi ni kitu gani. Kila lugha ina jina lake la mmea, na mara nyingi mmea mmoja una majina mia, au jina moja limebeba mimea kumi. Msomi wa Uswidi, Carl Linnaeus, ndiye aliyeweka utaratibu wa maneno mawili. Neno la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo mdogo. La pili huutambulisha mmea wenyewe ndani ya ukoo huo. Kabla yake wataalamu waliuita mmea kwa sentensi nzima ya Kilatini, na kila mmoja na sentensi yake. Kitabu cha Linnaeus kiitwacho Species Plantarum kilitoka mwaka 1753, na mpaka leo wanabotania huhesabu majina ya mimea kuanzia mwaka huo, kama sisi tunavyohesabu miaka ya Hijra tangu safari ya Mtume kwenda Madina.

Ndani ya kitabu kile mkarafuu umo. Linnaeus aliuita Caryophyllus aromaticus, yaani kwa maana ya karibu, karafuu yenye kunukia. Neno caryophyllus limetoka kwa Wayunani, ambao waliigawa sauti yake wakapata "kokwa" na "jani". Waarabu husema qaranful, na wanazuoni wa lugha wanakubali kuwa majina haya yana uhusiano. Nasi tulipokea la Waarabu tukalilainisha, likawa karafuu. Kwa hiyo jina la kwanza la kisayansi la mmea huu na jina analolitamka mchumaji wa Wete au Mkoani ni ndugu.

Kama mambo yangeachwa hapo, kusingekuwa na utata. Lakini hayakuachwa.

Mwaka 1788 mwanafunzi wa Linnaeus, Carl Peter Thunberg, aliyekuwa amesafiri mpaka Rasi ya Tumaini Jema, Java na Japani, aliona kuwa mkarafuu haustahili kuwa na jenasi ya peke yake. Akauhamishia katika jenasi nyingine iliyokwisha kuwapo, Eugenia, akauita Eugenia caryophyllata. Jenasi ya Eugenia ilipewa jina hilo kwa heshima ya Mwanamfalme Eugène wa Savoy, aliyeishi kati ya 1663 na 1736, jemadari mashuhuri wa vita dhidi ya Waturuki. Hivyo mti wa visiwa vya Maluku, ambao bwana yule hakuupanda wala kuuchuma, ukavishwa jina lake. Jina hili ndilo lililoenea. Liliingia katika vitabu vya dawa, vya kilimo na vya biashara, na hatimaye likafika katika kitabu chetu cha darasani.

Kosa la Thunberg lilikuwa wapi? Kuuhamisha mmea si kosa. Mtaalamu ana haki ya kusema kwamba mmea huu ni wa ukoo ule. Lakini kwa sheria za leo, anayehamisha mmea hana budi kuhama na neno lake la pili. Jenasi hubadilika, neno la pili hufuata, mradi liwe ndilo kongwe na nafasi yake iwe wazi. Thunberg aliliacha neno aromaticus njiani akatunga lake. Tusimlaumu sana, kwa sababu wakati ule sheria hizo zilikuwa hazijaandikwa. Wanabotania walikutana Paris mwaka 1867 wakaanza kukubaliana juu ya kanuni zao, na zimekuwa zikirekebishwa katika mikutano yao tangu hapo. Sheria ilikuja kumkuta Thunberg keshalala kaburini.

Kanuni kubwa kuliko zote ni ya aliyetangulia: jina la kwanza lililochapishwa sawasawa ndilo lenye haki. Ni kanuni anayoielewa kila mtu aliyewahi kupanga foleni. Kwa kanuni hiyo wengine walijaribu kumsahihisha Thunberg kwa kuuita mkarafuu Eugenia aromatica. Mfaransa Baillon alifanya hivyo mwaka 1876. Lakini nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Mjerumani Otto Berg alikuwa amekwisha kuupa mmea mwingine kabisa jina hilohilo mwaka 1854, na mimea miwili haiwezi kuitwa jina moja. Basi walioshikilia kuwa mkarafuu ni Eugenia wakabaki na tabu. Mwaka 1958 wataalamu wawili wa bustani ya Kew, Uingereza, Bullock na Harrison, walitafuta neno lililofuata kwa ukongwe, wakalikuta kwa Sprengel wa mwaka 1825, wakautangaza mkarafuu kuwa Eugenia caryophyllus. Hilo bila shaka ndilo lililokuwa kwenye kibandiko cha pili nilichokiona.

Hebu tuhesabu. Mti ni mmoja, harufu ni moja, na majina yamefika manne: Caryophyllus aromaticus, Eugenia caryophyllata, Eugenia aromatica, Eugenia caryophyllus. Mwanafunzi aliyetaka kujua habari za karafuu ilimbidi atafute mahali pane, na asipojua hivyo angesoma robo ya habari akidhani ni yote. Hapa ndipo ubaya wa utata wa majina ulipo. Jina la kisayansi ni kama mlango wa ghala. Kila kilichojulikana juu ya mmea, maradhi yake, mafuta yake, udongo unaoupenda, kimewekwa nyuma ya jina. Ukipewa mlango usio wenyewe, hata uwe msomaji hodari namna gani, utakuta ghala tupu.

Wakati huo huo swali kubwa zaidi lilikuwa halijajibiwa: je, mkarafuu ni Eugenia kweli? Kulikuwa na kundi la wataalamu waliosema hapana. Walisema kuna jenasi nyingine, Syzygium, iliyoelezwa na Gaertner mwaka huohuo wa 1788, na kwamba mkarafuu na jamaa zake wengi wa Asia na Afrika ni wa huko. Neno hilo limetokana na Kiyunani lenye maana ya kufungwa pamoja wawili wawili kama ng'ombe wa nira. Atakayetazama tawi la mkarafuu ataona majani yake yamekaa jozi jozi, yakikabiliana.

Mwaka 1939 wanabotania wawili wa Marekani, Elmer Drew Merrill na Lily May Perry, walitoa andiko kubwa juu ya Syzygium za kisiwa cha Borneo. Merrill alikuwa ameishi Ufilipino zaidi ya miaka ishirini, anaijua mimea ya pande zile za dunia. Katika andiko hilo waliuweka mkarafuu katika Syzygium, wakalirudisha neno la Linnaeus la mwaka 1753. Hapo ndipo ilipozaliwa Syzygium aromaticum.

Huenda mtu akauliza kwa nini si aromaticus kama alivyoandika Linnaeus. Swali hili huwashinda wanafunzi wa nchi nyingine, lakini kwa Mswahili ni jepesi mno. Sisi husema mti mzuri, kitu kizuri, jambo zuri. Kivumishi hufuata ngeli ya jina. Kilatini nacho kina ngeli zake: Caryophyllus hutaka aromaticus, Eugenia hutaka aromatica, Syzygium hutaka aromaticum. Neno ni lilelile, limebadili nguo tu. Nilipoligundua hili nilijuta upya, maana ningeweza kuwafundisha wanafunzi wangu kwa dakika tano, wakaelewa, nao wakacheka kicheko cha furaha.

Lakini bado mtu makini atashika jambo moja. Kama kanuni ni ya aliyetangulia, na Caryophyllus ni ya 1753, na Syzygium ni ya 1788, mbona mdogo amemrithi mkubwa? Ni swali la haki kabisa. Jibu ni kuwa Syzygium ni jenasi kubwa mno, yenye spishi zaidi ya 1,000. Kama sheria ingefuatwa kwa ukali wake, mimea hiyo yote ingelazimika kubadili jina na kuitwa Caryophyllus kwa sababu ya mti mmoja tu wa karafuu. Wanabotania waliona kuwa sheria imewekwa ili kuondoa vurugu, si kuileta. Kwa hiyo wana utaratibu wa kulihifadhi jina kwa makubaliano, na jina Syzygium limehifadhiwa ili lisipinduliwe na majina makongwe kuliko lenyewe, Caryophyllus likiwa miongoni mwa hayo. Neno caryophyllus halikupotea kabisa. Limebaki katika jina la ua la bustani linalonukia karafuu kwa mbali, Dianthus caryophyllus.

Hata baada ya 1939 ubishi haukwisha. Wengine waliendelea kusema Eugenia na Syzygium ni kitu kimoja, na kwa macho matupu walikuwa na hoja, kwani maua yao na matunda yao yanafanana sana. Aliyeukata mzizi wa fitina ni Rudolf Schmid, katika makala aliyoichapisha mwaka 1972 katika jarida la wanabotania wa Marekani. Hakutosheka na kutazama umbo la nje. Alilikata ua vipande vyembamba, akafuatilia kwa darubini ile mishipa midogo inayopeleka chakula na maji kwenye mbegu changa ndani ya ovari. Akakuta kwamba katika Eugenia za kweli mishipa hiyo hupita ndani ya ukuta unaotenga vyumba vya ovari, ilhali katika Syzygium hupanda kwa njia ya nguzo ya katikati. Kwa nje wanafanana kama pacha, kwa ndani kila mmoja ana njia yake. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata umethibitisha jambo hilo: katika mpangilio wa familia yao uliochapishwa mwaka 2005, Eugenia na Syzygium wamewekwa katika matawi mawili mbalimbali. Wanafanana kwa kuwa wamepita njia zinazofanana, lakini hawakulala tumbo moja.

Kwa hiyo ndugu wa mkarafuu ni nani? Ni mzambarau, Syzygium cumini, ambao nao uliwahi kuitwa Eugenia jambolana. Ni mtufaa, Syzygium malaccense, wenye tunda jekundu lenye maji mengi ambalo kila mtoto wa Zanzibar analijua. Mpera ni jamaa wa mbali kidogo, na mkaratusi vilevile, wote wa familia moja. Tazama, msomaji: watoto wa Pemba hupanda mzambarau na mtufaa kula, na hupanda mkarafuu kuchuma, na miti hii mitatu ni ya jenasi moja. Hilo lingetosha kuwa somo zima. Kitabu changu hakikulisema, na mimi sikulitafuta.

Angalia sasa tarehe. Jina sahihi lilichapishwa mwaka 1939. Ushahidi wa kukata shauri ulitoka 1972. Mimi nilimpigia mtoto mkasi mwaka 1979. Sikukosea kwa kuwa elimu ilikuwa haijapatikana. Nilikosea kwa kuwa nilikuwa na kitabu kimoja, nikadhani kitabu kimoja ni elimu yote.

Nimejiuliza pia kwa nini jambo hili liniume zaidi kwa sababu ni karafuu. Nadhani ni kwa kuwa sisi watu wa visiwa hivi maisha yetu yamefungwa na mti ambao hata si wa kwetu. Asili yake ni visiwa vichache vya Maluku, Ternate na Tidore na jirani zao, katika Indonesia ya leo. Waholanzi, walipotaka kuishika biashara peke yao katika karne ya 17, waliing'oa mikarafuu ya visiwa vingine na kuwatesa wenyewe wa nchi, ili karafuu itoke Ambon tu na visiwa vya karibu chini ya macho yao. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanya mpango wa kuitorosha miche, ikafika Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa ikaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Sayyid Said bin Sultan ikatanda mashambani. Iliyapanda mashamba yale mikono ya watumwa, na utumwa haukukomeshwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa.

Katika safari yote hiyo mti uliitwa na kila aliyeushika. Mfaransa aliona umbo la msumari, akauita hivyo. Mreno naye vivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza mtumwa aliyeuchuma aliuitaje. Basi mtoto wa Pemba, ambaye babu wa babu yake huenda alikuwa mmoja wa wachumaji wale, aliposimama mbele ya darasa akasema jina sahihi, ya kwangu ilikuwa kumwambia keti mwanangu, tulitazame pamoja. Badala yake nilimchekesha kwa wenzake.

Majina ya zamani hayajafa yote. Mpaka leo katika orodha ya viambato vya vipodozi vingi mafuta ya karafuu huandikwa kwa jina la Eugenia caryophyllus. Na ile dawa yenyewe iliyomo ndani ya karafuu, inayotia ganzi jino na ambayo madaktari wa meno huichanganya kuzibia, huitwa eugenol, kutokana na Eugenia. Mti umehama ukoo, dawa imebaki na jina la ukoo wa zamani. Sioni ubaya. Ni kama vibandiko vya ile karatasi: kila kimoja kinaeleza siku yake. Ubaya ni kuchukua kibandiko cha jana na kumpigia mtu wa leo.

Mwaka 1996, nikisubiri meli gatini Mkoani, mama mmoja aliyevaa sare ya uuguzi alinijia akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba, nami nilimjua kabla hajajitaja. Tuliulizana hali, akanieleza kazi yake na watoto wake. Nikaona nisiposema siku hiyo sitasema tena. Nikamweleza yote: lile jaribio, ile chupa, zile alama mbili, na kwamba jibu lake lilikuwa sahihi na langu lilikuwa limepitwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilinakili chupani tu. Nilikuwa sijui kama ni sahihi au si sahihi. Nilitaka Mwalimu aniambie."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angenilaumu. Miaka yote ile nilikuwa nimejipangia kisa cha mtoto mjuzi na mwalimu mjinga. Kumbe hakuna aliyekuwa mjuzi. Yeye alikuwa na chupa, mimi nilikuwa na kitabu, na vyote viwili vilikuwa maandishi tu. Tofauti yetu ilikuwa moja: yeye aliuliza, na mimi nilikuwa mtu ambaye kazi yake ni kuulizwa.

Nilifundisha miaka kumi na tatu zaidi baada ya siku ile. Kila mwaka, mwanzo wa muhula wa kwanza, nilileta darasani tawi la mkarafuu, la mzambarau na la mtufaa, nikayaweka mezani bila kutaja jina lolote, nikawaambia wanafunzi watafute wanachokiona. Baadaye niliandika ubaoni majina yote matano ya mkarafuu, kila moja na mwaka wake, wala sikulifuta hata moja. Na mtoto aliyeniletea jina kutoka kwenye chupa, au kopo, au gunia, nilimwomba kesho yake aje nalo hilo kopo tulisome sote.